Vipimo vya Akonkwa

Kabla hujaja nilikukata kama kitambaa,
kwa chaki ya buluu, kichwani mwangu tu.
Mtoto wa fundi, nilisema, atatulia kama uzi kwenye bobini,
atalala ndani ya kapu la mabaki ya vitenge
chini ya cherehani, pedeli ikimbembeleza.
Nikamwambia Nsimire: juma la tatu utarudi sokoni Kadutu,
mimi na yeye tutabaki hapa tukishona sare za shule.
Nsimire hakujibu. Alikuwa akichambua maharage,
sahani ameiweka juu ya tumbo,
na tumbo lilikuwa tayari linairusha sahani.

Ukatoka umekunja ngumi.
Mkunga akacheka: huyu amekuja na safari yake.
Nilidhani ananipa heri.

Kapu ulilikalia usiku mmoja.
Usiku wa pili ulilipindua,
wa tatu ukalifanya ngoma,
na sasa Nsimire anawekea humo vitunguu,
maana vitunguu, anasema, vinajua kukaa.

Nyumba yetu imeushika mlima kwa kucha.
Kinachotuponyoka hakisimami:
kiazi, kifuniko cha sufuria, kandambili ya kushoto,
vyote hushuka hadi mlangoni kwa Mama Cibalonza,
ngazi arobaini na moja chini,
naye huvirudisha jioni, vimefungwa kwenye kikoba.
Wewe ulipoanza kutambaa
hukutafuta mama, hukutafuta baba. Ulitafuta mteremko.
Nikapigilia ubao mlangoni.
Siku mbili ulinitazama nikiuvuka.
Siku ya tatu nilikukuta juu yake, umeupanda kama farasi,
unaliita ziwa kwa vidole vyote.

Kaka yangu Byamungu hupiga simu kutoka Uvira:
wa kwangu alilala usiku kucha tangu juma la pili.
Ninamsikiliza kama mtu anayesifiwa ng'ombe
asiyepata hata maziwa yake.
Kaka, hatua sita hadi dirishani, hatua sita hadi kitandani,
mtoto begani, umeme umekatika, mvua inapiga bati:
hatua za mwezi huu zingenifikisha kwako,
nikaoga, nikala ndagala wako,
nikarudi Bukavu kwa miguu,
na huyu angali macho.

Usiku mmoja nilikulaza chini, si kwa upole.
Nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua.
Hilo sikumwambia mtu.
Niliporudi ulikuwa umeketi gizani
ukiongea na kiatu changu.

Halafu shati la ubatizo.
Nimewapima mabwana harusi, nimempima padri,
nimempima mlevi aliyekuwa akianguka.
Wewe nilikushindwa.
Bega: umegeuka. Mkono: haupo, umeingia ndoo.
Kifua ukaninyima, ukaikamata mita yenyewe
ukaitafuna kuanzia thelathini hadi thelathini na nne,
namba zimefutika kabisa,
na tangu siku hiyo viuno vya Kadutu vya ukubwa huo
ninavishonea kwa imani.

Nikakata kwa kukisia, Jumatano.
Jumapili halikupita kichwani.
Ulibatizwa kwa fulana,
ukayapiga maji ya padri kofi, yakamrudia usoni,
na bibi mmoja wa kiti cha mbele akasema Amina kabla ya wakati.

Sasa ni saa nane usiku.
Nimeifumua mishono yote. Kuna kitambaa cha akiba,
fundi asiyeacha akiba ndani ya pindo si fundi,
lakini akiba yenyewe sijui itafika lini,
Ijumaa labda.
Umelala. Umelala kweli, chali, sakafuni,
pale kapu lilipokuwa,
na mguu wako mmoja unakanyaga, unakanyaga,
pedeli ambayo haipo.
Nina sare saba za kumaliza kabla ya kengele ya shule.
Ninaogopa kuigusa cherehani.